Dishi la Doto Msibani

Mteja akiingia dukani kwa Doto Machibya, pale Makanyagio mjini Mpanda, na kusema anataka "ile yenye antena nyingi," ameshaiharibu siku ya watu wawili. Doto huweka chini koleo, hufuta mikono kwenye kitenge, kisha humuuliza: "Umekuja kununua ng'ombe?"

Maana kwake yeye, mtu anayechagua ruta kwa wingi wa pembe hana tofauti na yule aliyekwenda mnadani akanunua fahali kwa ukubwa wa pembe, akafika nyumbani akakuta mnyama hana meno. Atamweleza, tena kwa sauti ambayo kinyozi wa ng'ambo ya barabara anaisikia, kwamba hiyo yenye pembe nane ni ya sebuleni. Ukiipandisha juu ya paa, mvua ya kwanza itaingia ndani na radi ya kwanza itaimaliza. Atamuuliza anataka kupeleka mtandao wapi, ni mbali kiasi gani, katikati kuna miti gani, na je, amepanda juu akatazama kwa macho yake mwenyewe? Mteja huwa hajapanda popote. "Basi nenda kapande," Doto humwambia. "Ukishuka uje tuongee."

Wengi hawarudi. Wanaorudi hawaendi tena kwa fundi mwingine, kwa sababu kifaa alichokuchagulia Doto kinafanya kazi kiangazi na masika, miti ikipukutisha majani na ikichipua. Watu wa Makanyagio walimpa jina la Mama Pilipili, na yeye alilijua, na lilimpendeza kuliko alivyokubali.

Alikuwa mtu wa hasira, tusimpake mafuta. Alimkasirikia aliyefunga redio ya nje kwa waya wa ndoo. Alimkasirikia aliyetandaza kebo ya ndani juani, akashangaa ilipopasuka kama midomo ya kiangazi. Mume aliyewahi kuwa naye alimwambia mwanamke hapandi paa. Doto akapanda, na aliposhuka hakumkuta mume, wala hakumtafuta.

Wanaomjua tangu utotoni husema hasira hiyo alizaliwa nayo, kwa kuwa alizaliwa wa pili. Baba yao, mzee Machibya, alihama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akateremka mpaka bonde la Mpimbwe na kujenga kaya nje ya Majimoto, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, akaizungushia ua wa minyaa. Hapo mkewe Nyanzala akajifungua pacha. Kwa Wasukuma hakuna kuumiza kichwa kutafuta majina: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na jina limekaa mlangoni linakusubiri. Kulwa akashonewa nguo mpya, Doto akavaa ya Kulwa. Kulwa akapelekwa sekondari, Doto akaambiwa ng'ombe hawajichungi. Na wala Kulwa hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililomchoma Doto zaidi. Kulwa alikuwa mpole, mtu wa kucheka, mtu ambaye ukimkasirikia wewe ndiye unaonekana mwehu.

Walipokuwa watu wazima Kulwa akaenda Omani kufanya kazi za ndani, Doto akaenda Mpanda kuuza chai kando ya kibanda cha fundi wa madishi ya televisheni. Chai ilipokwisha alikuwa akimshikia ngazi. Siku moja fundi akaumwa kiuno, Doto akapanda mwenyewe, na tangu hapo hakuuza chai tena.

Halafu miguu ya mama yao ikaacha kumtii. Doto akamchukua Nyanzala akakaa naye Makanyagio. Akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza usiku na mchana asipate vidonda. Kulwa alipiga simu kila Ijumaa, na mara moja moja alituma blanketi. Majirani wakija kumjulia hali mgonjwa walikuwa wakipapasa lile blanketi na kusema, kweli Kulwa anamjali mama yake. Doto huyo hapo, amesimama na beseni la maji machafu mkononi, anaambiwa Kulwa anamjali mama yake.

Mwishoni macho ya Nyanzala yalififia na akili ikawa inakwenda na kurudi, na akawa anamwita Doto kwa jina la Kulwa. "Kulwa, niletee maji. Kulwa, umekula?" Doto aliitika. Aliitika "Abee, mayu" kila mara, akaleta maji, kisha akatoka uani kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Mama alipofariki, simu ya kwanza ilitoka kwa bamdogo Manyanda, mdogo wa marehemu Machibya, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alilia kidogo kwenye simu. Kisha akauliza, "Sasa Kulwa ataonaje mazishi?"

Bosi wa Kulwa alikuwa amemkatalia ruhusa. Na pale kwenye kaya, hata sasa, mtandao wa simu hupatikana kwa kupanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, na hapo unapata sauti tu, tena ya kukatikakatika. Picha usahau. Mama azikwe mtoto wake wa kwanza asimwone? Manyanda alisema ukoo hautalala. "Wewe si fundi wa mawaya? Fanya ufundi wako, mwanangu. Kulwa lazima aone."

"Sawa, bamdogo."

Alikata simu. Hakuna aliyeuliza Doto ataona nini. Hakujua kilichomjaa ni majonzi au ni hasira, na kwa kuwa hasira aliizoea zaidi, akaishika hiyo.

Basi akaingia dukani kuchagua. Pale Majimoto sokoni kuna Gaudensi, mwenye nyumba ya wageni, ambaye ana mtandao mzuri wa kasi. Kutoka kwenye paa lake mpaka kaya ya Machibya ni tambarare tupu, majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kama kilomita tisa. Vifaa vya namna hii hufanya kazi kwa jozi: kimoja kwa Gaudensi, kimoja nyumbani, vikitazamana bila kizuizi. Cha kwa Gaudensi kiwe dishi, hilo halikuwa na mjadala, kwani kingekaa juu ya mlingoti wa chuma na hakuna wa kukigusa. Swali lilikuwa la huku nyumbani.

Rafuni kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni redio bapa, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, nyeupe, haina makuu. Hiyo hutawanya mawimbi yake kwa upana, kama mwanga wa chemli. Haifiki mbali sana peke yake, lakini upande wa pili ukiwa na dishi, kilomita tisa inazimudu, tena ukiitikisa kidogo haikasiriki. Cha pili kilikuwa dishi kubwa jipya, ndugu wa lile alilolitenga kwa ajili ya Gaudensi, linalong'aa, ambalo wachimbaji wa dhahabu waliliagiza wakaghairi. Dishi hukusanya nguvu zote likazipeleka mahali pamoja, kama kurunzi. Linafika mbali kupita haja. Lakini kurunzi ukiisogeza upana wa kidole, kule mwisho mwanga umeshaangukia shamba la mtu mwingine.

Mteja angekuja na msiba huo huo, Doto angempa bapa, na kama mteja angebisha angemfukuza. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Na bado akalipakia dishi. Ukoo mzima ungekuwepo, watu waliomwita fundi wa mawaya tangu anaanza, kama vile anauza kamba za kuanikia nguo. Alitaka wakione kitu. Alitaka waje na Kulwa wao mdomoni, wakute kitu kikubwa kinang'aa juu ya ua wa minyaa, na wajue ni cha nani. Kinyozi hajinyoi. Bapa akaitupia kwenye mfuko wa vifaa, kwa kuwa mfuko wake huwa hautoki nusu.

Jeneza la Nyanzala lilisafiri kwenye gari la mizigo, na madishi mawili yakasafiri kando yake yamefungwa kwa lile blanketi la Omani. Walipokuwa wanakatiza hifadhini mbung'o waliingia wakamuuma kila mtu, Doto akawapiga kwa kofia huku akiwatukana mmoja mmoja. Majimoto alishuka kwa Gaudensi akafunga la kwanza. Nyumbani akachagua mti mrefu mnyoofu, akausimika karibu na zizi, akafunga la pili juu kabisa, akavuta kebo mpaka kwenye betri ya sola uani. Kisha ikaanza kazi ya kuyafanya yale mawili yatazamane. Alasiri nzima alikuwa anapanda mtini na kushuka, anakwenda kwenye kichuguu kumpigia Gaudensi, anarudi. "Lako lizungushe kushoto. Kidogo, nimesema kidogo, Gaudensi, si kama unafungua bomba." Gaudensi ni mtu mzima na ana wajukuu, lakini alivumilia.

Jua lilipokaribia kuzama, picha ikaja. Kulwa huyo kwenye simu ya binamu yao Method, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi. Amekaa sakafuni kwenye stoo ya bosi wake, nyuma yake magunia ya mchele, na ameshika mdomo. Wanawake walipiga yowe, wakanyang'anyana simu. "Kulwa, mwanangu! Kulwa, umekonda!" Manyanda mwenyewe alilia mbele ya ile simu. Hakuna aliyetazama juu ya mti.

Doto akakasirika upya. Akaanza kulinda. Akamfukuza mbuzi, akamfukuza mzee aliyetaka kutundika koti lake kwenye ule mti, akawafokea waliopita karibu. "Asiguse mtu hapa." Wanawake walikuwa wamekaa ndani na mwili, wanaimba kwa sauti za chini, na mahali pake yeye, kando ya kichwa cha mama yake, palikuwa wazi. Yeye alikaa chini ya dishi amekunja mikono. Waliomwona waliona, na aliyeona kwa makini kuliko wote alikuwa Thadei.

Thadei ni Mnyamwezi, fundi baiskeli wa Majimoto, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi hata kwenye joto, na amewazika Wasukuma wengi wa bonde lile kuliko mchungaji yeyote. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani. Msiba wa Msukuma bila mtani wake Mnyamwezi ni msiba uliopungua. Mtani huchimba kaburi, hupika, na katikati ya kilio huleta masihara ili watu wasife na maiti. Na kila mara hukamata kitu cha wafiwa, akakaa nacho mpaka wakigomboe. Unamtukana, anakutukana, mnapatana, watu wanacheka wakijipangusa machozi, kitu kinarudi. Ni haki yake. Na mtani mzoefu hachukui kitu ovyo ovyo. Huangalia kwanza wafiwa wanalinda nini.

Asubuhi ya mazishi Doto alikwenda kunawa uso na kunywa uji, cha kwanza kutia kinywani tangu Mpanda. Aliporudi, mti haukuwepo. Ulikuwa umeshakatwa vipande na unaungua chini ya sufuria la wali. Na Thadei alikuwa katikati ya uwanja, amelivaa dishi kichwani juu ya kofia yake ya sufi, anacheza, kebo inaburuzika nyuma kama mkia.

"Nyie Wasukuma," alikuwa anasema, "mnamzika marehemu au mnamrusha? Huu ungo wa nini? Nimezika kwenu miaka yote, leo ndio naona mmetoa usafiri wenu hadharani."

Watu walikuwa wanacheka. Bamdogo Manyanda alikuwa anacheka mpaka amejishika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba uanze.

"Anayeutaka alete nundu ya yule fahali mliyemchinja," Thadei akaendelea. "Na Doto mwenyewe anibebe mgongoni mpaka kaburini. Miguu yangu imechoka kuwachimbia."

Doto alijua la kujibu. Kila Msukuma analijua. Angesema Mnyamwezi habebwi mgongoni, hufungwa kwenye baiskeli na mkaa. Angesema nundu haina kazi kwa mtu asiye na meno. Watu wangelia kwa kicheko, nundu ingeahidiwa, na dishi lingeshuka. Badala yake alimwendea mpaka wakakaribiana nyuso.

"Mwizi wewe," alisema. "Vua. Mwizi mkubwa."

Hakutabasamu. Thadei alisubiri kidogo, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi ya kumalizia masihara yake. Doto hakumalizia. Kicheko kikafa uwanja mzima, kikabaki kilio cha mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake. Hapo Thadei akalivua dishi polepole kwa mikono miwili, akaliweka chini miguuni pa Doto, akaikunja kebo vizuri na kuilaza juu yake.

"Pole na msiba," akasema, kama anavyosema mgeni. Akaondoka akaenda kusimama na waliokuwa wanangoja kaburini.

"Doto," Manyanda akasema, "mtani haitwi mwizi. Hata angechukua zizi zima."

"Na wewe ulikuwa wapi anang'oa? Si ulikuwa unacheka?" Doto akamjibu. "Wote mlikuwa mnacheka. Mliniambia Kulwa aone. Haya, aone nini sasa?"

Mchungaji alikuwa ameshafika, na alikuwa na mazishi mengine kijiji cha Mamba mchana. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje. Dishi bila mti, na kazi iliyokula alasiri nzima ianze upya? Haiwezekani. Method alikuwa amesimama na simu yake, kioo kinazungusha duara la kutafuta mtandao, na ng'ambo ya duara hilo Kulwa alikuwa stoo anangoja kumzika mama yake.

Doto akaumwaga mfuko wa vifaa chini. Bapa ikadondoka. Akaichomeka kebo, mwisho wa pili akaurudisha kwenye betri, akakimbia nayo nyuma ya zizi mpaka juu ya kile kichuguu, mahali pekee panapopita urefu wa minyaa. Hapakuwa na cha kuifungia. Kichuguu cha kiangazi ni kigumu kama saruji, hata jembe linaruka. Akainyanyua kwa mikono yake miwili juu ya kichwa, akaielekeza Majimoto. Mgongoni mwa ile bapa kuna vijitaa vinavyoonyesha nguvu ya mawimbi. Kikawaka kimoja. Akageuka kidogo, kikawaka cha pili, na cha tatu.

"Picha imekuja," Method akaita kutoka kaburini. "Baki hapo hapo. Usishushe."

Majimoto ni upande wa mashariki. Kaburi lilikuwa magharibi, chini ya kichuguu, karibu kiasi kwamba Doto aliweza kusikia kila neno. Lakini akigeuza shingo mikono ilifuata, na vijitaa vilizima, na Method aliita. Ikabidi atazame mbele. Mbele kulikuwa na majaruba makavu, ng'ombe wa mtu wanakula mabua, na mbali kabisa bati la paa moja lililokuwa linamulika. Nyuma yake mchungaji alisali. Nyuma yake waliimba. Alisikia kamba zinakwaruza mbao, akasikia mtu anasema "upande wa miguu, upande wa miguu," kisha kimya, kisha sauti ya Manyanda ikimuaga shemeji yake kwa Kisukuma. Mabega yalianza kuwaka moto. Alimlaani Manyanda, akamlaani bosi wa Omani, akamlaani Kulwa na magunia yake ya mchele, na aliyelaaniwa zaidi ya wote alikuwa Thadei.

Na Thadei ndiye aliyepanda kichuguu.

"Leta nishike," alisema. "Nionyeshe tu taa zinatakiwa ziweje. Wewe nenda kamzike mama yako."

"Ondoka."

"Doto, hapa sifanyi utani."

"Nimesema ondoka. Umeshashika vya kutosha leo."

Doto alimsikia akihema, alikuwa mtu mzima na kile kichuguu kina mwinuko. Kumpa tu ilitosha. Mzee ambaye maisha yake yote ni kunyoosha spoki za baiskeli angeshindwaje kushika kibapa mahali pamoja? Lakini mikono ya Doto ilikuwa imekaza, na ndani yake kitu kilikuwa kimekaza kuliko mikono. Thadei akashuka. Na muda huo huo udongo ukaanza kuanguka juu ya mbao, kwa mlio mtupu kwanza, halafu mzito.

Hakushusha mikono mpaka Method alipokuja kumwambia kwamba wamemaliza. Vidole vilikataa kufunguka, ikabidi Method amsaidie kuvitoa kimoja kimoja. Alipogeuka, kaburi lilikuwa limeshakuwa tuta, lina maua ya karatasi juu, na watu walikuwa wanaelekea kwenye wali. Shangazi mmoja alipopita karibu alimwambia mwenzake, bila kujali nani anasikia, kwamba hajawahi kuona mtoto anakuja mpaka msibani halafu hatupi udongo kwa mama yake.

Kesho yake Doto alikwenda Majimoto kulifungua lile dishi la kwa Gaudensi. Alipomaliza akaketi kwenye ngazi za nyumba ya wageni, na kwa kuwa hapo mtandao ni mzuri, akampigia Kulwa kwa picha. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri. Angemwambia habari ya beseni na blanketi. Angemwambia jina ambalo mama yao aliita mpaka mwisho, na nani aliitika.

Kulwa akatokea. Yuko stoo ile ile, macho yamevimba, na uso ule ambao Doto huuona kwenye kioo kila siku.

"Asante, Doto," Kulwa akasema kabla hajasalimiwa. "Nimeona kila kitu. Hakuna kilichokatika. Ila wewe sikukuona. Nilimwambia Method anionyeshe Doto, nikamwambia mara nyingi, akasema yuko kazini."

Doto akafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga. Yaliyotoka hayakuwa yale.

"Walimlazaje?" aliuliza.

Kulwa hakuelewa. "Hukuona? Si ulikuwa pale?"

"Nilikuwa nimewapa mgongo."

Mlango wa stoo uligongwa upande wa Kulwa, mtu akamwita, naye hakuitika. Kisha akajisogeza akaegemea gunia na kuanza kusimulia taratibu, kama anavyosimuliwa mtu aliyekuwa mbali.

"Kichwa kilielekezwa Shinyanga, kama alivyokuwa anataka. Jeneza lilikwama upande wa miguu, bamdogo akashuka mwenyewe kulinyoosha, akachafua ile suruali yake nzuri. Kulikuwa na kuku mweupe anazunguka juu ya udongo, anachakura. Hakuna aliyemfukuza. Ungekuwepo ungemfukuza."

"Ningemfukuza," Doto alisema.

"Bamdogo akatupa udongo kwanza. Wakafuata wengine. Halafu yule mzee wa kofia ya sufi. Alikuwa anatoka kule ulikokuwa wewe, anahema. Yeye alitupa mara mbili."

"Thadei."

"Mara ya kwanza alitupa kama watu wote. Mara ya pili akavua kofia, akainama mpaka chini kabisa, hakutupa, aliuachia taratibu. Akasema, 'Mama, huu ni wa Doto. Mikono yake ina kazi.'"

Sokoni pikipiki zilikuwa zinapita na magunia ya mpunga. Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai lake, Thadei alikuwa ameinamia gurudumu la baiskeli ya mtu, analizungusha, analisikiliza, na hakutazama upande ule. Hasira aliyokuja nayo Doto ilikuwa bado imemjaa kifuani, ila hakuona tena wa kumpa.

"Rudia hapo," alimwambia pacha wake.

"Hapo pa kuku?"

"Hapo pa udongo."

Kulwa akarudia.